Dada wa Sura ya Tatu

2 Februari

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa Baba, na kwa fundi viatu jirani yetu, ambaye najua atakuuliza nimeandika nini kabla hujafungua bahasha. Mimi nipo, nala na nalala. Chumba walichonipa mwaka huu kina dirisha linalofunguka, kwa hiyo nimepanda cheo. Ukuta mmoja una unyevu, nimeusogezea kabati ili tusitazamane.

Kazi imenoga. Darasa langu la mwisho limepangiwa kitabu kipya cha mtihani. Ni hadithi ya kijana wa kijiji ambacho kila asubuhi watu hukusanyika uwanjani, mkubwa wao anaita, wote wanaitikia kwa sauti moja. Siku moja yeye hakuitikia. Hakutukana, hakurusha jiwe, alifunga mdomo tu. Kijiji kizima kikamgeuka, mwishowe akaondoka alfajiri na begi moja. Nimekisoma mara mbili mfululizo, na mara zote nilishindwa kukaa kitini.

Shida ni wanafunzi. Wamezoea vile vijitabu vya mwongozo vinavyouzwa stendi, vyenye maswali na majibu yake. Ukiuliza swali, darasa zima linakukariria ukurasa. Mwongozo unasema kijana alikosea kwa kuwa "aliitelekeza jamii yake," basi na wao wanasema aliitelekeza jamii yake, wote pamoja, kama wako pale uwanjani. Ijumaa nimewaambia kila mtu alete mwongozo wake mbele. Nimevifungia vyote kabatini. Nimewaambia kuanzia sasa nataka mawazo yao wenyewe, na atakayeniandikia ya humo ndani nampa sifuri.

Nakutumia nakala moja. Usome ukipata nafasi, uniambie. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kwa hiyo lawama zote ni zako. Baba mwambie mkono aufanyishe mazoezi, asitafute visingizio.

Nakukumbuka. Hapa kuna watu wengi, ila hakuna anayejua kunicheka kama wewe.

Mdogo wako


21 Februari

Profesa wangu,

Barua imefika na kitabu kimefika, kona moja imekunjika lakini mengine yote yapo. Fundi viatu ameuliza kama ulivyosema. Nikamsomea kile kipande cha kabati, akacheka, akasema huyo mtoto atakuja kufa na maneno yake.

Baba anaendelea vizuri kwa namna yake. Tangu kile kiharusi mguu sasa unamfikisha mlangoni na kumrudisha. Mkono wa kulia bado haujakubali kazi. Kikombe anashika kwa kushoto, chai inamwagika, kisha ananiambia kikombe kibovu. Ukimtajia mazoezi anasema yeye si askari. Na kila anayeingia humu lazima asikie habari zako: mwanangu mwalimu, mwanangu ana shahada. Juzi alimsimamisha hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Mimi niko pale pale hospitalini, wodi ya wazazi. Asubuhi nachemsha vyombo na kukunja mashuka, mchana nasukuma vitanda, na katikati ya hapo nashikwa mkono na mwanamke asiyenijua, ananing'ang'ania mpaka mtoto atoke. Siku hizi Matroni ananiita nisimame karibu wakati anazalisha, nitazame. Wiki iliyopita alinipa karatasi fulani nisome. Ni mambo marefu, sitaki kuyaandika, nitakueleza ukija likizo ya Aprili. Utakuja, siyo? Baba ameshaanza kuuliza.

Kitabu nimekianza. Nakisomea kwenye chumba cha mashuka, maana nyumbani nikifungua ukurasa tu, Baba ananiita. Nimefika sura ya pili. Huyo kijana ana kiburi cha mtu mmoja ninayemjua.

Ila nikuulize. Hao wanafunzi wakiwa na mawazo yao, na yasifanane na yako, itakuwaje?

Njoo Aprili. Nimeshakutandikia kitanda. Najua ni mapema, mikono ilikuwa inatafuta kazi.

Dada yako


17 Machi

Dada yangu,

Nisamehe kwanza, ndipo uendelee kusoma. Aprili sitaweza. Mkuu wa shule anataka darasa la mtihani libaki likizo yote kwa masomo ya ziada. Tena ameninong'oneza kwamba mkuu wa idara yetu ya lugha anastaafu katikati ya mwaka, na jina langu limetajwa. Likizo hii ni ya kuonekana, Dada, nikikosekana nimejikosesha. Agosti nitakuja, na nitakaa mpaka mnifukuze. Mpe Baba habari ya idara, itamtuliza.

Sasa sikia kisa. Niliwapa swali: je, kijana alifanya vyema kuondoka? Nikakusanya karatasi, nikajifungia chumbani na chai yangu. Ya kwanza ikasema alifanya vyema, "alivunja minyororo ya fikra." Nikafurahi, nikaandika hongera kwa wino mwekundu. Ya pili, alivunja minyororo ya fikra. Ya tatu, hivyo hivyo. Nilipofika katikati ya rundo nikaweka kalamu chini. Maneno hayo yalikuwa yangu. Niliyaandika ubaoni siku ya kwanza na kuyapigia mstari. Kiranja aliyanakili vizuri, darasa likamnakili kiranja. Nimewaamuru waasi, nao wametii. Nilicheka mpaka mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Halafu kicheko kikaisha, nikabaki nalitazama rundo.

Mmoja tu ndiye aliyeandika tofauti, msichana mkimya ambaye wenzake wanamwita Bibi kwa sababu anaongea kama mtu mzima. Naye ameandika kwamba kijana alikosea. Nikasema huyu amekwenda stendi akanunua mwongozo mwingine. Nikampa sifuri niliyoahidi, sikusoma hata nusu. Baadaye ndipo nikaona alivyomalizia. Nakunakilia, nawe ucheke:

"Mwandishi ametuonyesha dada wa kijana mara moja tu, sura ya tatu. Anampa begi, anamfungia chakula cha njiani, anafunga mlango. Baada ya hapo hatajwi. Mimi nilimsubiri mpaka ukurasa wa mwisho. Asubuhi ile watu walipokusanyika uwanjani, nadhani yeye ndiye aliyeulizwa, kaka yako yuko wapi."

Mtu anamsubiri mhusika ambaye hata jina hana. Unaiona kazi niliyo nayo.

Umefika sura gani? Niandikie upesi. Mvua zinanyesha huku, jioni ni ndefu, na barua zako nazisoma mpaka zinalegea kwenye mikunjo.

Mdogo wako


3 Aprili

Mdogo wangu,

Baba hajambo. Mvua imeanza na huku pia, bati la jikoni linavuja pale pale, nimetega sufuria. Habari ya idara nimempa. Amefurahi mpaka ameniamuru nimtafutie shati lake jeupe, utadhani anakwenda kukuapisha yeye. Kitanda chako nimekitandua.

Kitabu nimekimaliza. Ulitaka nikuambie, basi nakuambia, na leo sina utani.

Sikucheka. Maneno ya huyo msichana niliyasoma nimesimama kwenye chumba cha mashuka, kisha nikakaa juu ya rundo la machafu, jambo ambalo Matroni angeliona ningetafuta kazi nyingine. Mimi pia nilimsubiri huyo dada. Kila nilipofungua ukurasa nilisema sasa tutarudi kwake, sasa tutajua nani alimpikia mama yao, nani alisimama kwenye foleni ya maji huku watu wakimpisha kwa mbali. Mwandishi hakuwa na habari naye. Kijana wako anatembea barabarani akiwaza uhuru kurasa nzima nzima, na hakuna mstari hata mmoja anamojiuliza aliyefunga mlango alikwenda kulala au alibaki amesimama.

Unasema jina hana. Sawa. Wewe umekisoma mara mbili na una shahada. Mimi nilikuwa namtazama huyo tu, maana katika kitabu kizima yeye ndiye mtu niliyemfahamu.

Na mtoto wa watu umempa sifuri. Uliahidi sifuri kwa asiyefikiri, ukampa aliyefikiri, kwa sababu hakufikiri yako. Hilo litafakari mwenyewe, mimi sikufundishi kazi yako.

Hukuniuliza habari za karatasi za Matroni. Si kitu. Zilikuwa karatasi tu.

Kula vizuri.

Dada yako


22 Aprili

Dada,

Huku salama. Nimeipokea barua yako na nimeumia, sina sababu ya kukuficha.

Nimekaa siku nyingi nikitunga majibu. Nilitaka kukuambia kwamba ni wewe uliyenifungia begi. Ni wewe uliyeniambia nenda, usigeuke nyuma, hapa nitapaweza. Nilitaka kukuambia nilikuwa kijana mdogo na nilikuamini. Yote ni kweli, na nimeyachana yote, kwa sababu kila nilipoyasoma nilimsikia kijana wa kitabuni akijitetea. Ukweli mwingine ni huu: ulichokifanya ulipofunga mlango sijawahi kukiwaza hata siku moja.

Bibi nimemwita chumba cha walimu. Nimemwambia nilikosea na alama yake nimeibadilisha, sasa ndiyo ya juu kuliko zote. Akashukuru bila kutabasamu. Nikamuuliza yale mawazo aliyatoa wapi. Akanieleza kwamba ana kaka, kaka anasoma chuo, na yeye akimaliza mtihani huu anarudi nyumbani kumwangalia mama yao, kwa kuwa walishakubaliana hivyo. Nikauliza ni nani waliokubaliana. Akashika ncha ya meza.

"Wote, Mwalimu," akasema. "Mimi sikuulizwa. Lakini niliitikia."

Kengele ikalia, akaomba ruhusa, akaenda zake darasani. Mimi nilikosa kipindi changu. Nilibaki pale mpaka mhudumu akaja kufagia chini ya kiti changu.

Karatasi za Matroni ni za nini? Nakuuliza sasa. Nimechelewa, lakini nauliza.

Mdogo wako


26 Mei

Dada,

Mwezi umepita, posta hakuna kitu. Karani wa posta akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Najiambia ni mvua, ni barabara, ni kazi. Kisha najiambia umenikasirikia, na hilo naliomba liwe ndilo, kuliko mengine ninayoyawaza.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Mdogo wako


12 Juni

Mdogo wangu,

Nimechelewa, na barua zako zote mbili ziko hapa mbele yangu. Baba alianguka bafuni mwishoni mwa Aprili. Hakuvunjika, aliumia kiuno na heshima. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungepanda basi la kwanza, ukae siku mbili, ulie, uondoke, nami nibaki na mashuka yako ya kufua. Hasira hiyo imepita. Sasa anatembea tena, na kila ukuta wa nyumba hii anautukana kwa kumsogelea.

Umeuliza karatasi. Ni nafasi ya chuo cha ukunga, miaka miwili, safari ya siku nzima kutoka hapa. Kila mwaka wanachukua wahudumu wachache waliokaa sana wodini. Hawadai cheti nisichokuwa nacho, wanampa mtu mtihani wa kuandika, na huo nimeshaufanya. Niliufanya mwezi wa tatu, wewe ukisahihisha minyororo yako. Nikafaulu. Nilirudi nyumbani na jibu kwenye mkoba, nikapika, nikaosha vyombo, sikumwambia mtu. Wanataka niseme ndiyo au hapana kabla Julai haijaisha. Masomo yanaanza Septemba.

Barua hii nimeianza mara kadhaa, na nikifika hapa kalamu inageuka inaanza kuzungumzia mvua. Leo nimeikaza. Nataka kwenda. Hayo nimeyaandika na mkono haujakatika. Nataka kwenda mpaka asubuhi nikipokea mtoto aliyetoka sasa hivi, ana joto la mama yake bado, namwonea wivu Matroni anayejua la kufanya, na mimi najua kumfunika tu. Nina miaka thelathini na saba. Nilipoacha shule mama alikuwa ndiyo tumemzika, na wewe ulikuwa hujui kufunga vifungo vya shati. Sijuti, usije ukafikiri najuta. Nilikupenda na nakupenda. Ila huyo mwanafunzi wako amesema vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Sikuulizwa, na niliitikia.

Nimeandika jibu la kukataa. Liko kwenye bahasha, bado stempu. Baba hakai na mtu wa kuajiriwa, tulijaribu mwaka jana, alimtoa mbio na fimbo yake ya kutembelea. Na wewe una idara yako inakusubiri. Sikuombi kitu. Umeuliza, nimekujibu.

Dada yako


2 Julai

Dada yangu,

Hiyo bahasha ichane. Nakuja, na siji kutembea.

Nilimfuata mkuu wa shule siku ile ile niliyopata barua yako, kabla sijapoa, maana najijua nikipoa. Nikamwambia nataka kuachiliwa mwisho wa muhula. Alidhani nimepata shule inayolipa zaidi, akaanza kunisomea mazuri ya idara. Nilipomweleza akavua miwani. Akaniuliza kwa upole kabisa kama kweli mwanamume mzima, msomi, nitaacha cheo nikamwogeshe baba, wakati dada yupo. Akanishauri niajiri mtu. Hakuwa na ubaya, alisema kile ambacho mtu yeyote katika jengo lile angesema. Mimi mwenyewe mwezi wa pili ningelisema hivyo hivyo. Cheo kimekwenda kwa mwenzangu, nimempa mkono.

Hapo mjini kwetu nimeandikia ile shule ya kutwa nyuma ya soko. Wanahitaji mtu wa vipindi vya asubuhi. Fundi viatu atakaa na Baba saa hizo, nimemwandikia yeye pia, na amenijibu hata kabla sijakuandikia wewe.

Darasa nimeliaga. Nimewarudishia miongozo yao. Nimewaambia watahini wataisahihisha karatasi kwa kuitazama hiyo, kwa hiyo waijue, na wakiamua kuandika tofauti, waamue wakijua bei yake. Nimewaambia pia kwamba mimi nilitaka waniitikie kwa maneno mapya, na hilo halikuwa zuri. Kiranja akapiga makofi, wote wakapiga makofi. Bibi peke yake alibaki ameweka mikono mezani, ananitazama. Sijui atafanya nini na maisha yake, na sikumuuliza mbele za watu.

Usinishukuru, Dada. Nakusihi. Ukinishukuru nitashindwa kukutazama usoni.

Mdogo wako


16 Julai

Profesa,

Sikushukuru, basi. Nimekaa jikoni na barua yako nikalia mpaka Baba akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, unarudi. Akafurahi. Nikamwambia na mimi naondoka. Hapo akageukia ukutani, na mpaka jioni hakunisemesha. Usiku alitaka chai, akaiomba kwa fundi viatu aliyekuja kusalimia, mimi nimesimama pale pale na birika mkononi. Bado yuko hivyo. Sijazoea kununiwa naye, na nilikaribia kumwambia basi, siendi.

Matroni nimempelekea ndiyo yangu. Amenipa mkasi wake wa zamani.

Jambo moja. Ukija, usije kama shujaa wa kitabu. Sitaki mtu ajitoe mhanga humu halafu akae amenuna miaka miwili, nimeshaishi na mmoja wa namna hiyo, ni mimi mwenyewe, na Baba anaweza kukueleza. Njoo kama mtu anayerudi kwao. Ukichoka sema umechoka. Ukimkasirikia Baba toka nje, zunguka nyumba, rudi. Maji ya kuogea yawe ya moto kuliko unavyodhani. Anapenda ukimkausha katikati ya vidole vya miguu, ila hatakuambia.

Ninaogopa. Nilidhani nikipata nitaruka. Kumbe tangu juzi nafunga mkoba na kuufungua tena.

Dada yako


18 Septemba

Mdogo wangu,

Nimefika, nina kitanda karibu na mlango na kabati lisilofungwa. Tunalala wanane. Wenzangu wote ni wasichana wadogo, wananiamkia asubuhi, mmoja ameniuliza kama nimemsindikiza mwanangu. Tulicheka, lakini nilicheka kidogo kuliko wao.

Darasani sifui dafu. Najua mwanamke akiingia mlangoni kama atajifungua asubuhi au jioni, nimeona wengi, lakini wanataka niandike kwa majina ya vitabuni na kwa michoro. Mwalimu alinisimamisha jana nitaje mifupa, nikasimama mbele ya wale watoto ulimi umekufa. Mtihani wa kwanza nimepata alama ya aibu. Nilijificha chooni nikalia na taulo mdomoni.

Jioni ndiyo mbaya. Saa za kumlaza Baba mikono yangu inanyanyuka yenyewe. Nawasikia wasichana wakicheka, nawaza mmekula nini, kama bati la jikoni umeliziba, kama amekubali umguse. Naikumbuka nyumba mpaka harufu yake. Sikujua nitaikumbuka nyumba ambayo miaka yote hiyo nilikuwa naitazamia mlango.

Nadhani nilikosea. Mtu mzima hapaswi kuanza. Niambie nirudi, nami Jumamosi nitakuwa hapo. Sitakulaumu na sitajilaumu. Neno moja tu, niambie.

Dada yako


9 Oktoba

Dada yangu mpenzi,

Baba ameamka vizuri. Wiki za kwanza alikataa nimwogeshe, alisema mwanawe hakusomeshwa ili aje kushika sabuni, akakaa na jasho lake mpaka fundi viatu akaanza kukaa upande wa upepo. Siku moja tu akanyoosha mguu. Nilikausha katikati ya vidole. Sasa ananiambia maji ya baridi hata yakiwa yanatoa mvuke, nimejua nimekubaliwa.

Majirani wananitazama ninapoanika nguo. Wa kwanza walidhani nimefukuzwa kazi, wa pili wakasema labda ni ulevi. Mwanamke mmoja aliniondoa kwenye kamba kwa huruma, akamalizia kuanika yeye, na mimi nikamwacha siku hiyo, kisha nikamwomba asirudie. Bati nimeliziba vibaya, sasa linavuja mahali pengine. Shule ya nyuma ya soko ina madawati mabovu na watoto wabishi, nawapenda. Zipo siku ambazo saa kumi jioni naikumbuka ile idara, natoka nje, nazunguka nyumba, narudi. Nimechoka, Dada. Uliniambia niseme, nasema.

Barua yako imekaa mfukoni mwangu tangu ilipofika. Nilimsomea Baba, hadi mahali pa neno moja. Akasema mwandikie arudi, anateseka bure, nyumba ipo. Hakusema kwa hila. Anakutaka. Akisikia geti anageuza shingo, na anayeingia akiwa si wewe, anajifanya alikuwa anatazama saa.

Na mimi nakutaka. Nisikilize vizuri, kwa kuwa sitaki ufikiri nimeandika kirahisi. Nyumba hii bila wewe siijui. Nafungua kabati la vyombo nakuta ulivyopanga, nafunga bila kuchukua kitu. Jana nimekuita kwa sauti uje uone namna Baba alivyovaa kofia. Nilikaa huko mbali miaka yote nikikukumbuka huku nikijua ulipo, na kumbe huko si kukukumbuka. Ningeandika neno hilo moja, Jumamosi ningekuwa stendi tangu asubuhi, na nisingejali majirani wala chuo wala kitabu chochote kilichowahi kuandikwa.

Mifupa utaijua. Utaisoma kwanza kwa vidole, halafu majina yatafuata. Waambie hao wasichana wakusikilize ukiitaja usiku, mmoja baada ya mwingine, nao watakuuliza wodi ilivyo, na hawatakuamkia tena, watakufuata.

Baba anadhani barua hii inakuita. Ameniuliza nimeandika, nikamjibu nimeandika. Usirudi, Dada. Tunakukumbuka kila siku, yeye kwa upande wake na mimi kwa wangu, na usirudi.

Mdogo wako